Nimelala, Nimekula, Nimeoga: Miaka Yangu ya Kuwatangulia Wasafiri

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nilale. Ilikuwa saa nne asubuhi, katika nyumba ya wageni kando ya bahari, pwani ya kusini ya jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Meneja wa Safari, mama wa makamo aliyening'iniza miwani yake shingoni kwa uzi, alinionyesha kitanda akasema, "Vua viatu. Sikwambii ukae, nakwambia ulale." Nikajinyoosha kwa haya, mikono nimeikunja kifuani kama maiti. Yeye akavuta kiti, akafungua gazeti lake, akasoma. Baada ya nusu saa akaniuliza, "Umesikia nini?"

"Nimesikia bahari."

"Bahari kila mtu anaisikia. Kitu gani kingine?"

Nikatega sikio. Jikoni kulikuwa na friji iliyokuwa ikiguna, inanyamaza, kisha inaguna tena.

"Hiyo ndiyo itakayomwamsha mteja wetu alfajiri," akasema. "Andika."

Naitwa Zuhura. Nimezaliwa Morogoro, na huko ndiko nilikoolewa na kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Wenzake waliporuhusiwa kurudi kwao, nami nikafunga mizigo nikamfuata mume wangu hadi Johannesburg. Marehemu alikuwa mwalimu. Mwanetu wa mwisho alipoanza shule, nikatafuta kazi, nikaipata katika kampuni ndogo pale Doornfontein, ghorofa ya pili, juu ya karakana ya mtengeneza viti. Hadi nastaafu mwaka huu nilikuwa nikipanda ngazi zile zile, nikinusa gundi na mbao kila asubuhi.

Kazi yetu ilikuwa kuuza wikendi ndefu. Sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, watu wa Johannesburg hupata siku tatu mfululizo, na Pasaka huwapa nne. Basi jiji lote hutaka kutoka kwa pamoja. Ukisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani kama tunavyoziita huku, utaona magari yamebeba magodoro, baiskeli na majiko ya kuchomea nyama. Sisi tulikuwa tukiwatafutia nyumba za kufikia, na mimi nilikuwa mtangulizi. Mtangulizi huenda kabla ya mteja, akaishi kama mteja, kisha akarudi kusema kama panafaa.

"Mtu mwenye likizo ya mwezi akipata kitanda kibovu atahama," Meneja wa Safari alizoea kuniambia. "Mtu wa siku tatu hana muda wa kuhama. Ukimharibia moja, umekula theluthi ya mapumziko yake."

Alinifundisha kwamba wasafiri wako wa namna tatu. Kuna wa pwani, na hao adui yao ni chumvi. Chumvi hula bawaba, hula makomeo, hula waya za taa, kwa hiyo pwani nilifungua na kufunga kila mlango mara kumi. Kuna wa mashamba na milima, wanaokwenda mashariki ya jimbo la Free State kukaa kando ya moto na kuangalia farasi. Huko nilihesabu mablanketi na kuuliza kuni zinawekwa wapi mvua ikinyesha. Halafu kuna wa nyika kame, ile Karoo iliyo katikati ya nchi, ambako unaweza kuendesha gari asubuhi nzima ukaona kondoo, kinu cha upepo, na kondoo tena. Wanaokwenda huko wanatafuta ukimya. Kwao nilipima maji, kwa sababu ukimya bila maji ni adhabu.

Kila nyumba ilikuwa na karatasi yake ya ukaguzi, na mwisho wa karatasi palikuwa na mistari mitatu ya kutia sahihi: Nimelala. Nimekula. Nimeoga. Meneja wa Safari aliitunga mwenyewe. Hakutaka maoni pale, alitaka kiapo. Na kuoga alikotaka ni kuoga saa kumi na mbili jioni, wakati wageni wote wanaoga, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa kama afanyavyo mtu mwenye baridi na aibu zake. "Maji ya saa sita mchana ni maji ya maonyesho," alikuwa akisema.

Jambo jingine alilonifundisha ni kumuuliza anayefagia kabla ya anayemiliki. Mwenye nyumba atakuonyesha mandhari. Mfagiaji atakuonyesha ndoo iliyowekwa chini ya paa linalovuja. Kwa hiyo niliweka daftari la namba za wafagiaji, wapishi, walinzi na wauza mafuta wa vituo vya mwisho, wale ambao baada yao hakuna pampu nyingine mbele. Wakati wa sikukuu niliwapigia kuwasalimu tu.

Meneja wa Safari alipostaafu, akaja Mkurugenzi mpya, mkwe wa mwanzilishi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye haraka, aliyejua kwamba wateja wa siku hizi wanachagua nyumba kwa kuangalia picha kwenye simu.

"Mama Zu," aliniambia, "zamani ulikuwa unakagua nyumba moja kwa siku mbili. Mimi nataka nyumba tatu kwa siku moja. Lala katika moja, nyingine zipige picha."

"Na karatasi?"

"Karatasi jaza kama kawaida."

Sikubishana naye. Magoti yalikuwa yameanza kuniuma na safari ndefu zilikuwa zinanichosha. Nawaambia haya ninyi mnaoianza kazi hii ili msidhani niliangushwa na bosi. Mlango alinifungulia yeye, lakini miguu iliyopita ilikuwa yangu.

Nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Karoo, mwendo wa karibu saa moja wa barabara ya vumbi kutoka kituo cha mwisho cha mafuta. Ilikuwa nyumba ya shamba ya zamani, imetoka kukarabatiwa, haijapokea mgeni hata mmoja. Kama wengi wakati ule wa mgao wa umeme, mwenye nyumba alikuwa ameacha kuchemsha maji ya kuoga kwa umeme akaweka hita ya gesi bafuni, na dohani yake, yaani bomba la kutolea moshi, ilipenya dari hadi juu ya paa. Nilifika Februari, jua la kupasua mawe, madirisha yote wazi. Nilikaa saa mbili. Nikapiga picha sebule, jiko, baraza. Nje niliona shomoro wawili wamekaa juu ya bomba la bati paani, kila mmoja ana majani makavu mdomoni, na mbingu nyuma yao buluu tupu. Nikawapiga picha nao, nikasema moyoni, hii itauza nyumba.

Kisha nikaketi ndani ya gari nikajaza karatasi. Nimelala, nikatia sahihi. Nimekula, nikatia sahihi. Nimeoga, nikatia sahihi. Nikaondoka nikiwa mkavu, na vumbi langu mwilini.

Pasaka, nyumba ile tuliwapa familia ya kutoka Alexandra, mtaa wa watu wa kipato cha chini Johannesburg: Gogo Nomvula (gogo ni bibi kwa Kizulu), mwenye miaka sabini na kitu, binti yake Lindiwe, na wajukuu wawili wa kike. Lindiwe alikuwa ameajiriwa mahali pazuri na alitaka kumtoa mama yake likizo kwa mara ya kwanza. "Anataka mahali pasipo na kelele," alinieleza ofisini. Nikamwambia hapo hakuna hata mtandao wa simu. Akafurahi sana.

Ijumaa Kuu waliondoka alfajiri. Mimi nilikwenda mtaa wa Mayfair kuswali, na baada ya swala nikaketi kwenye duka la chai la Hodan, mama wa Kisomali aliyejifunza Kiswahili Nairobi. Tulikuwa na desturi ya kuwatumia wasafiri ujumbe wa kuwakaribisha, na picha moja ya mahali wanapokwenda. Nikafungua simu nitafute picha ya kumtumia Lindiwe. Nikaichagua ile ya shomoro. Nikaikuza kwa vidole viwili ili nione kama imetoka vizuri.

Majani makavu mdomoni. Wamekaa juu ya bomba.

Bomba la nini?

Nikaizungusha ile nyumba kichwani, chumba kwa chumba, mpaka nikafika bafuni. Hita ilikuwa ukutani, mkono wa kushoto. Dohani ilipanda juu yake. Ndege wale hawakuwa wamepumzika, walikuwa wanajenga. Na wamejenga tangu Februari mpaka Aprili, ndani ya bomba ambalo hakuna moshi uliowahi kupita kuwafukuza. Sasa huko baridi ilikuwa imeanza. Mgeni atafunga dirisha, atafunga mlango, atafungua maji ya moto, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi itarudi ndani. Kama ningeoga siku ile saa kumi na mbili jioni kama nilivyofundishwa, ningetaka kujua moshi unatokea wapi, ningetoka nje nikaangalia juu.

Hodan aliniona nimeishikilia meza. "Mama Zu, kwani umepigiwa simu ya msiba?"

"Bado," nikamjibu.

Nikampigia Lindiwe, simu haipatikani. Nikampigia mwenye nyumba, ikaita mpaka ikakata. Ilikuwa Ijumaa Kuu, watu wako kanisani. Nikafungua daftari langu, nikatafuta jina la Abel, muuza mafuta wa kituo cha mwisho.

"Mama Zu wa Johannesburg!" akasema. "Pasaka njema! Watu wako wamepita hapa. Kuna bibi mmoja amenigombeza, ati sijafuta kioo sawasawa."

"Wamepita saa ngapi?"

"Kama nusu saa hivi."

"Abel, nisikilize. Dohani ya hita ya nyumba ile imeziba. Wakioga wakiwa wamejifungia watakufa, na hawatajua kwamba wanakufa."

"Una hakika, mama?"

"Sina. Ningekuwa na hakika kama ningefanya kazi yangu."

"Niko peke yangu hapa," akasema. Halafu nikasikia funguo. "Nafunga pampu. Nina pikapu yangu nyuma."

Simu ya pili nilimpigia Mkurugenzi. Alikuwa kwa wakwe zake, nilisikia sahani na watoto. Nikamweleza.

"Lakini Mama Zu, karatasi inasema umeoga."

"Karatasi inasema uongo. Niliyeiandika ni mimi."

Sahani zikasikika, kisha zikapotea. Nadhani alitoka nje. "Nifanye nini?" akauliza. Tangu aje, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza hivyo.

"Mtafute mwenye nyumba popote alipo. Na uwaarifu polisi wa mji wa karibu." Akafanya vyote viwili. Polisi walituma gari, lakini lilikuwa mbali zaidi kuliko Abel.

Kilichobaki kilikuwa kungoja. Nyumba haikuwa na mtandao, sifa niliyoiuza kwa mdomo wangu mwenyewe. Hata Abel akiwakuta wazima, angelazimika kuendesha hadi mgongo wa kilima ndipo simu yake ishike. Kwa hiyo ukimya haukuwa na maana yoyote, wala ya heri wala ya shari. Nilijua hivyo, na bado kila dakika ilinichoma. Hodan aliniletea maji, akaketi mbele yangu, wateja wake wakajihudumia wenyewe. Hakuniambia yote yatakuwa sawa. Alisema tu, "Niko hapa, mama." Alasiri ikaadhiniwa, nikaswali palepale nyuma ya duka. Nilisahau idadi ya rakaa, nikaanza upya.

Ilipokuwa yapata saa kumi, simu ikalia.

"Mama Zu."

"Abel, wako hai?"

"Wako hai wote. Lakini yule bibi amenipiga."

Niliangua kicheko, na kicheko hicho kikageuka kilio, wateja wa Hodan wakageuka kunitazama. Abel akanisimulia huku anatweta. Alipofika, Lindiwe na watoto walikuwa barazani wanakula machungwa. Gogo alikuwa bafuni, amejifungia kwa ufunguo, maji yanatiririka. Abel akagonga mlango, akamwambia atoke, kuna hatari. Gogo akajibu kutoka ndani, "Wewe si yule uliyeshindwa kufuta kioo? Sitoki kwa ajili yako." Lindiwe akamsihi. Gogo akasema kichwa kinamuuma kwa sababu ya safari, na maji haya ya moto ndiyo dawa yake, wamwache. Mara ya tatu walipogonga hakujibu.

Abel akazunguka nje, akaokota jiwe, akavunja dirisha. Akaingiza mkono akalifungua, akaruka ndani, akazima gesi, akafungua mlango. Gogo alikuwa ameketi ukingoni mwa bafu, amejifunga taulo, macho mazito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akamtazama Abel, akanyanyua brashi ya mgongo, akampiga nayo begani. Kisha wakamtoa nje, akatapika, akakaa kwenye upepo, taratibu uso ukamrudia. Polisi walipofika walimpeleka zahanati ya mji, akapimwa, akaruhusiwa. Abel alipanda paani na kuvuta kutoka kwenye bomba majani, manyoya na pamba ya kondoo, akajaza nayo mikono yote miwili.

Cha ajabu ni kwamba hawakurudi Johannesburg. Gogo alikataa. Walikaa mpaka Jumatatu, wakichemsha maji jikoni na kuoga kwa ndoo.

Jumanne ofisi ilipofunguliwa nilimpelekea Mkurugenzi barua ya kuacha kazi. Aliisoma akiwa amesimama.

"Mimi ndiye niliyekwambia nyumba tatu kwa siku moja," akasema.

"Ulinambia. Lakini hukunambia niape uongo."

"Nilikwambia ujaze kama kawaida. Nilijua maana yake." Akairudisha barua kwenye bahasha. "Miezi mitano imebaki ustaafu, Mama Zu. Nionyeshe jinsi kazi hii ilivyokuwa ikifanywa, kisha uende." Mwezi uliofuata alikwenda nami milimani, akavua viatu, akalala kitandani saa nne asubuhi. Akasikia bomba linalodondosha maji. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kabla ya hapo, hata hivyo, nilikuwa na safari fupi ya Alexandra. Gogo Nomvula alikuwa anakaa katika ua wenye vyumba vingi, bomba moja la maji katikati, wanawake wamepanga ndoo. Akaniwekea kiti. Nikamwambia kweli yote: kwamba nilitia sahihi nimeoga na sikuoga, na kwamba nusura nimuue. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Lindiwe, aliyekuwa mlangoni, alikunja uso, na alikuwa na haki.

Gogo alizitazama ndoo za uani. Kisha akasema, "Unajua kwa nini sikumfungulia yule kijana?"

"Sijui, Gogo."

"Nimeoga kwenye beseni maisha yangu yote, nyuma ya pazia, na mtu anangoja zamu yake. Kwa wazungu nilikofanya kazi niliosha mabafu yao, sikuwahi kuingia ndani ya maji yao. Siku ile niligeuza ufunguo, nikasikia umeshika. Nikasema, leo hapa ni pangu. Hata Yesu akigonga, atasubiri." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Usilie, dada. Nenda kanitafutie bafu jingine lenye ufunguo. Na safari hii uoge."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho. Nilikwenda pwani ya kusini, nikakagua nyumba nne nikazikataa. Ya tano nilikaa siku mbili. Nilipanda ngazi kwa magoti haya haya nikachungulia dohani, nikawaita wafagiaji, nikaangalia bawaba na kutu. Saa kumi na mbili jioni nikajifungia bafuni, nikaoga hadi vidole vikakunjamana.

Mwisho wa Agosti wenzangu walinikatia keki ofisini, fundi viti wa chini akanipa kigoda alichokichonga mwenyewe. Watu huniuliza kama naikosa kazi. Naikosa barabara. Lakini nikiamka usiku, naamka kwa sababu ya uzee tu, na narudi kulala. Kuna watu waliofanya kosa kama langu na hawakupigiwa simu niliyopigiwa saa kumi ile. Nawafikiria. Mimi nilirudishiwa kila mtu, na nimeacha kujiuliza kwa nini. Nasema alhamdulillahi tu, najimiminia chai.

Wikendi ndefu ya Septemba nilikuwa nyumbani, mara ya kwanza bila daftari mapajani. Saa kumi jioni simu ikaita: Lindiwe, kutoka pwani. Nikaipokea nimesimama.

"Ma Zuhura, samahani kukusumbua. Ni Mama. Amejifungia bafuni tangu saa tisa. Watoto wanataka kwenda baharini naye, na hataki kutoka."

"Dirisha la juu liko wazi?"

"Liko wazi. Nimelifungua mwenyewe kama ulivyoandika."

"Unamsikia?"

Akasogeza simu mlangoni. Nikasikia maji yakimwagika, na juu ya maji sauti ya bibi kizee akiimba wimbo wa kanisani, beti baada ya beti, bila haraka yoyote.

"Mwacheni," nikamwambia. "Bahari itangoja."